Kukaa Kitako Kutwa, Moyo na Sukari Mwilini

  

Leo tunazungumza juu ya kitu ambacho kiko katika kila nyumba hapa Yamumbi, na hakuna anayekiogopa. Kitu hicho ni kiti. Tunaogopa malaria, tunaogopa homa ya mapafu kwa watoto wetu, na ni sawa tuogope. Lakini kiti, kigoda, benchi na kochi hatuvifikirii hata kidogo.

Somo la leo ni hili: mtu anayekaa kitako saa nyingi mfululizo, siku baada ya siku, huuweka moyo wake na sukari ya damu yake hatarini. Ni hivyo hata kama si mvivu, na hata kama alfajiri alifanya kazi ngumu. Habari njema ni kwamba dawa ya kwanza hainunuliwi dukani. Ni kuinuka mara kwa mara.

Kukaa si uvivu

Tafadhali usikasirike, mama. Hatusemi kwamba akina mama wa Yamumbi ni wavivu. Mfikirie mama anayeuza mboga kando ya barabara. Anaamka saa kumi alfajiri, anakwenda Eldoret mjini kuchukua sukuma wiki, nyanya na vitunguu. Saa moja asubuhi yuko kibandani. Hapo anakaa juu ya kigoda au kreti ya soda, anakatakata mboga, anahudumia wateja, hadi saa mbili usiku. Huyo si mvivu. Hata hivyo, ukihesabu, makalio yake yamekaa pale pale kwa muda mrefu sana.

Mfikirie pia fundi wa nguo aliye mbele ya cherehani. Mfikirie dada anayekaa ndani ya duka dogo la M-Pesa, mahali ambapo hata kugeuka ni shida. Mfikirie mama anayemtunza mgonjwa, ambaye kazi yake ni kukaa kando ya kitanda akisubiri kuitwa. Wote hao wanafanya kazi, na wote wanakaa.

Zamani kazi nyingi za nyumbani zilitufanya tutembee. Mama alikwenda kuchota maji, akatafuta kuni, akalima, akatembea kwa miguu hadi sokoni na kurudi na kikapu. Kazi hizo zilikuwa na taabu nyingi, na hakuna anayetaka zirudi. Mfereji ulioletwa karibu na jiko la gesi ni baraka. Lakini miguu yetu ilipoteza kazi bila sisi kujua.

Angalia bodaboda peke yake. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, na baada ya hapo pikipiki zikajaa kila mahali. Safari ya dakika 15 kwa miguu kutoka barabarani hadi nyumbani, leo tunaipanda. Mashamba nayo yamegawanywa kuwa viwanja, na aliyekuwa akilima ekari sasa ana bustani ya hatua chache. Eldoret yenyewe ilitangazwa kuwa jiji mwezi wa Agosti 2024, na sisi tulio upande huu wa Kapseret na Langas tunazidi kuishi maisha ya mjini.

Hesabu siku yako

Kabla hatujaendelea, chukua kalamu na karatasi. Andika saa ulizokaa jana ukiwa macho. Usihesabu usingizi.

Kwa mfano, tuseme ulikaa kibandani saa 8. Matatu na bodaboda zikachukua saa 1. Ukala na kupumzika saa 1. Jioni ukatazama runinga na simu saa 2. Jumla ni saa 12. Yaani katika siku yenye saa 24, ulikaa kitako saa 12, kisha ukalala saa 7. Zimebaki saa 5 tu za kusimama na kutembea.

Andika hesabu yako mwenyewe, usiione aibu. Tutairudia baadaye.

Mwili hufanya nini tunapokaa?

Misuli mikubwa kabisa ya mwili iko makalioni, mapajani na miguuni. Tunapokula ugali, chapati, viazi au kunywa chai yenye sukari, chakula hicho hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini. Insulini ni kama ufunguo unaofungua mlango wa misuli ili sukari iingie na kutumika.

Misuli inapofanya kazi, huchota sukari kwa wingi, na haihitaji insulini nyingi. Ukikaa, misuli hiyo mikubwa hunyamaza. Sukari hubaki ikizunguka katika damu kwa muda mrefu zaidi. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi. Mambo yakiendelea hivyo kwa miaka, milango ya misuli huwa migumu kufunguka, kongosho huchoka, na ugonjwa wa kisukari huingia.

Mafuta ya damu nayo ni hivyo hivyo. Misuli inayofanya kazi huchota mafuta na kuyachoma. Misuli iliyolala huyaacha, na mwili huyaweka akiba, hasa tumboni.

Tuangalie pia damu yenyewe. Damu ikishuka miguuni ni lazima irudi juu hadi kwenye moyo. Misuli ya shavu la mguu ndiyo huisukuma kila tunapopiga hatua. Ndiyo sababu ukikaa kutwa, jioni unaona viatu vinabana na miguu imevimba. Damu inapokwenda polepole kila siku, mishipa hupoteza ule ulaini wake wa kupanuka na kusinyaa, na presha hupata nafasi ya kupanda.

Tumejuaje haya?

Huenda ukauliza, "Nani aliyethibitisha?" Ni swali zuri. Tutakupa mifano michache.

Mfano wa kwanza ni wa zamani. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji la London. Kila basi lilikuwa na dereva na kondakta. Dereva alikaa kutwa nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi akikusanya nauli. Walikuwa watu wa mji mmoja na kazi moja, lakini makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Fikiria matatu ya hapa kwetu, mama. Dereva na makanga hurudi nyumbani pamoja, lakini mioyo yao haikufanya kazi sawa siku hiyo.

Mfano wa pili unatoka Marekani. Huko kuna mamilioni ya watu wenye asili ya Meksiko, Kuba, Puerto Rico na nchi nyingine za Amerika ya Kati na Kusini. Wengi wana wazee waliokuwa wakulima kama sisi. Hata mahindi tunayolima hapa Uasin Gishu, asili yake ni kwao Meksiko. Watu hao waliacha mashamba, wakaingia mijini, wakapata kazi za kukaa, na ugonjwa wa kisukari ukawaandama.

Kuanzia mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watu wazima zaidi ya 16,000 wa jamii hizo katika Bronx, Chicago, Miami na San Diego. Walivalishwa kiunoni kifaa kidogo kinachorekodi mwendo wa mwili kwa siku kadhaa. Matokeo ya watu zaidi ya 12,000 kati yao yalichapishwa mwaka 2015. Ilionekana kwamba kwa wastani walikuwa wakikaa karibu saa 12 kwa siku wakiwa macho. Waliokaa zaidi walikuwa na mafuta mazuri machache katika damu, mafuta mabaya zaidi, na sukari na insulini iliyo juu. La kushangaza ni hili: hata miongoni mwa wale waliofanya mazoezi ya kutosha kila wiki, waliokaa muda mrefu bado walikuwa na dalili hizo mbaya katika damu.

Ni kweli, mtu akiwa mgonjwa naye huketi zaidi, kwa hiyo uchunguzi wa namna hiyo pekee hautoshi kutuambia kila kitu. Ndiyo maana mfano wa tatu ni muhimu. Huko Australia, watafiti waliwakalisha watu wanene kitini saa kadhaa baada ya kunywa kinywaji chenye sukari na mafuta. Siku moja walikaa bila kuinuka. Siku nyingine waliinuka kila baada ya dakika 20 na kutembea dakika 2 tu. Ni watu wale wale, na kinywaji kile kile. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba siku waliyoinuka, kupanda kwa sukari katika damu kulipungua kwa karibu robo. Dakika 2 tu, mama, na hata kwa mwendo wa polepole.

Na hapa karibu nasi? Mwaka huo huo wa 2012 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi juu ya vijana wadogo wa eneo la Nandi. Nao walivalishwa vifaa vya kupima mwendo. Wale wa kijijini walitembea na kukimbia zaidi, na walikaa muda mfupi kuliko wenzao wa mjini. Hawa wote ni watoto wa majirani zetu. Tofauti yao ilikuwa ni mahali wanapoishi na jinsi siku yao inavyopita.

"Lakini sisi tunafanya kazi ngumu!"

Ndiyo, tunafanya. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uliwahoji na kuwapima Wakenya wenye umri wa miaka 18 hadi 69. Ulionyesha kwamba chini ya mtu 1 kati ya 10 ndiye aliyekosa mazoezi ya kutosha kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Basi kwa jumla Wakenya si watu wa kukosa jasho.

Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na presha iliyopanda. Zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani mwao. Karibu wanawake 4 kati ya 10 walikuwa na uzito uliozidi, na kwa wanaume walikuwa chini ya 2 kati ya 10. Umeona? Mzigo huu unatulemea sisi akina mama zaidi.

Kiti peke yake hakikuleta hayo yote. Chumvi imo, mafuta ya kupikia yamo, sukari kwenye chai imo, sigara na pombe pia, na mengine tunayarithi. Lakini kiti kimo. Mtu anaweza kulima alfajiri saa moja, kisha akaketi saa kumi. Ile saa moja ilimsaidia sana, nasi tunampongeza. Zile saa kumi nazo zina hesabu yake.

Kuna faraja hapa. Mwaka 2016 watafiti waliunganisha takwimu za watu zaidi ya milioni 1 kutoka nchi mbalimbali. Walikuta kwamba wale waliofanya mwendo wa kutoa jasho kiasi cha dakika 60 hadi 75 kila siku hawakuonekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa mapema, hata kama walikaa zaidi ya saa 8. Kwa hiyo kama kazi yako haikuruhusu kupunguza kukaa, ongeza kutembea.

Na usijidanganye kwamba kwa kuwa tunaishi Eldoret, nyumbani kwa mabingwa wa mbio, basi moyo wako umepona. Wanariadha wanaopita barabarani alfajiri wanaifaidi mioyo yao wenyewe. Kuwatazama ukiwa umekaa hakuongezi chochote kwako.

Ufanye nini?

Hatukutumi uwanjani, wala hatukwambii ununue viatu vya mbio. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaofanya moyo upige kidogo kwa kasi. Hiyo ni kama dakika 30 kwa siku, siku 5 za wiki. Mwongozo huo unaongeza kwamba tupunguze muda wa kukaa, na kwamba mwendo wowote, hata mdogo, ni bora kuliko kutotembea kabisa.

Kama wewe ni mama wa kibandani, mhudumie mteja ukiwa umesimama. Weka baadhi ya bidhaa mbali kidogo na mkono ili ulazimike kuinuka. Kila unapomaliza fungu la mboga, simama, zunguka kibanda mara mbili, ndipo ukae tena. Ukikosa mteja, usikimbilie simu. Nenda ukamsalimu jirani wa kibanda cha tatu.

Kama wewe ni fundi wa nguo au mhudumu wa duka, tumia kazi yenyewe kama saa. Kila ukimaliza mshono mmoja, inuka. Ukikosa nafasi ya kutembea, simama mahali ulipo, panda kwa vidole vya miguu na ushuke, mara 20. Zoezi hilo huamsha ile misuli ya shavu la mguu inayosukuma damu.

Baada ya chakula ni wakati muhimu sana, kwa sababu ndipo sukari inapopanda. Usitoke mezani uende kwenye kochi. Osha vyombo kwanza, fagia, tembea hadi kwa jirani na kurudi. Dakika 10 zinatosha kuanzia.

Ukisafiri kwa matatu, shuka kituo kimoja mapema ikiwa ni mchana na njia ni salama. Bodaboda ibaki kwa mzigo mzito, kwa mgonjwa, kwa mama anayekwenda kujifungua, na kwa usiku. Usitembee gizani kwa sababu ya mazoezi.

Katika chama cha akina mama, mikutano yetu huwa ya saa mbili au tatu, chai na mandazi mezani. Mwombe mwenyekiti awainue wanachama kila baada ya nusu saa. Wimbo mmoja na makofi mkiwa mmesimama utatosha. Wote watacheka, na wote watafaidika.

Sasa rudia hesabu yako ya saa. Ukikuta saa 12, usijaribu kufikia saa 5 kesho. Punguza saa moja wiki hii. Ukishaizoea, punguza nyingine.

Watoto walio mikononi mwetu

Mara nyingi mtoto akilia tunampa simu. Ananyamaza, nasi tunapata nafasi ya kupika. Tunaelewa. Lakini mwili wa mtoto umeumbwa kwa kuchezacheza.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2019, lilisema mtoto aliye chini ya miaka 2 asitazamishwe runinga wala simu. Wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mtoto mdogo asifungwe mahali pamoja, iwe ni kitini au mgongoni, kwa zaidi ya saa 1 mfululizo. Ukimbeba mgongoni ukiwa kazini, mshushe mara kwa mara atambae juu ya mkeka safi. Wa shule, kuanzia miaka 5 hadi 17, wanahitaji mwendo wa angalau dakika 60 kila siku. Waache wacheze mpira wa makaratasi, waruke kamba, wakimbizane. Kelele zao ni afya yao.

Mama mjamzito na aliyejifungua

Wengi wetu tuliambiwa mjamzito akae tu. Kama daktari au mkunga hajakukataza, kutembea ni kuzuri kwako na kwa mtoto, na husaidia kuzuia sukari ya ujauzito. Lenga zile dakika 150 kwa wiki, kidogo kidogo. Aliyejifungua naye aanze taratibu kwa hatua fupi ndani ya nyumba. Aliyefanyiwa upasuaji afuate maagizo ya hospitali.

Ukiona mguu mmoja umevimba, unauma na una joto, hasa katika wiki za baada ya kujifungua, usiukande. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu damu huenda imeganda ndani ya mshipa.

Wazee wetu na heshima ya kiti

Hapa tuna jambo gumu kidogo, kwa sababu linagusa mila. Nyanya, shosho au kogo, vyovyote unavyomwita, akizeeka tunamwekea kiti penye jua. Akitaka maji, mjukuu anakimbia. Akitaka shali, analetewa. Akiinuka, tunamwambia, "Kaa, mama, tutafanya sisi." Tunafanya hivyo kwa upendo, na jirani wakipita wanatusifu kwamba tunajua kutunza wazee.

Lakini mzee anayekaa asubuhi hadi jioni, miguu yake hupoteza nguvu haraka. Akipoteza nguvu, huanguka. Akianguka, huogopa kuinuka tena, na presha na sukari yake huwa ngumu kudhibiti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mzee wetu si mgeni nyumbani mwake. Msimnyang'anye jembe lake lote.

Mpe kazi inayomfaa. Awachambulie mboga akiwa amesimama kando ya meza kwa muda, awalishe kuku, akatazame mahindi shambani akishika fimbo yake, amsindikize mjukuu hadi langoni. Kila saa msaidie ainuke na kukaa kitini mara 5. Mshike mkono ikiwa anayumba. Kama amewahi kupatwa na kiharusi au ana vidonda vya miguu kwa sababu ya kisukari, mwulize mhudumu wa afya kwanza ni mazoezi gani yanayomfaa. Mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani anyooshwe na kukunjwa miguu na mikono, na ageuzwe mara kwa mara.

Na wewe mlezi, unapomwinua mgonjwa, nawe umeinuka. Mnatibiwa pamoja.

Jipime

Chukua uzi mrefu. Pima urefu wako kutoka wayo hadi utosini, kata uzi hapo, kisha ukunje mara mbili ulingane. Sasa uzungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu, bila kubana tumbo. Kama ncha za uzi hazikutani, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na hiyo ni dalili ya kujali moyo na sukari. Kipimo hiki si cha mjamzito.

Kisha kapime presha na sukari. Presha haina kelele. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi asijisikie lolote. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, kwa siku tofauti, unahitaji matibabu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 au zaidi, rudi upimwe tena, maana hicho ni kiwango cha kisukari. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii nchini walianza kupewa mikoba yenye mashine za kupimia presha na sukari, kwa hiyo mwulize anayehudumia mtaa wenu. Zahanati na vituo vya afya pia hupima, na wanaohitaji matibabu zaidi hutumwa hospitali kubwa kama Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa Eldoret.

Kama umeshaanza dawa za presha au za sukari, usiziache kwa sababu umeanza kutembea. Dawa na mwendo hufanya kazi pamoja. Ni daktari tu wa kukwambia upunguze.

Kimbia hospitali mara moja ukiona uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, ulimi umekuwa mzito, kifua kinabana, au pumzi inakatika bila sababu. Usingoje kesho, wala usingoje ibada iishe.

Mambo ya kukumbuka

1. Kukaa saa nyingi mfululizo kunaumiza moyo na kupandisha sukari, hata kwa mtu mwenye bidii.
2. Inuka kila baada ya nusu saa, hata kwa dakika 2.
3. Tembea kidogo baada ya kila mlo.
4. Lenga dakika 30 za mwendo wa haraka kwa siku, siku 5 za wiki.
5. Watoto wacheze, wazee wapewe kazi ndogo, mjamzito atembee.
6. Pima presha na sukari hata kama hujisikii mgonjwa.

Mama, wewe ndiye unayewauliza wote nyumbani kama wamekula, kama wamelala, kama wamemeza dawa. Leo tunakuuliza wewe: umekaa tangu saa ngapi? Basi funga kitabu hiki, simama, nenda hadi mlangoni na urudi. Kisha mwite mzee wako na watoto mfanye pamoja.

Tukutane tena katika mazungumzo yajayo. Kwa sasa, kwaheri na afya njema.